Nta, Shabu na Mti wa Campeche

Fomalini haikutengenezwa kwa ajili yetu sisi wa maabara ya histolojia, tunaoandaa vinyama vya kutazamwa kwa hadubini. Mwaka 1893, mjini Frankfurt, daktari Ferdinand Blum alikuwa akiijaribu kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake inakakamaa. Kama inakakamaza vidole vya mtu aliye hai, itafanya nini kwa nyama iliyotolewa mwilini? Akajaribu, ikahifadhika vizuri. Hadi leo kinyama kikitoka chumba cha upasuaji hutumbukizwa kwenye fomalini ya asilimia 10 kabla hakijaanza kuharibika, na kipimo hicho ni kilekile cha Blum.

Karibu kila tunachotumia tumekiazima kwa mafundi wengine. Parafini ni nta ya watengeneza mishumaa. Kabla yake mtu alikibana kinyama ndani ya kipande cha karoti au moyo laini wa mti, akakata kwa wembe wa mkononi. Edwin Klebs alianza kutumia parafini mwaka 1869, na mwaka uliofuata Wilhelm His wa Basel akachapisha maelezo ya mashine yake ya kukatia, mikrotomu.

Kizazi cha mashine hiyo ndicho ninachokizungusha mimi. Nakata unene wa mikroni 4, yaani sehemu 4 tu ukiigawa milimita moja mara 1,000. Bloku ya nta lazima ikae kwanza juu ya barafu, maana joto la Dar es Salaam likiigusa, utepe wa nta unaokatwa hujikunja na kung'ang'ania kisu. Ukitoka vizuri naunyanyua kwa brashi huku nimebana pumzi, naulaza juu ya maji ya vuguvugu, unajinyoosha wenyewe, kisha nauchota kwa slaidi. Anayeharakisha hapa atampa daktari picha yenye mikunjo, na mgonjwa ndiye atakayeumia.

Kinyama kilichokatwa hivyo hakionyeshi kitu mpaka kitiwe rangi. Hematoksilini hutoka kwenye kiini cha mti wa Campeche, Mexico, ambao Wahispania waliupeleka Ulaya karne ya 16 kwa ajili ya kutia nguo rangi. Waingereza waliukata Belize kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa, na sioni kwa nini somo la rangi hii lifundishwe bila kuwataja. Watia rangi walijua kwamba rangi ya mti huo haishiki vizuri bila chumvi ya madini ya kuifunga. Mwaka 1865 Böhmer akaichanganya na shabu, hiihii ambayo kinyozi hukupitishia kidevuni wembe ukikukwaruza, na viini vya seli vikaonekana waziwazi. Slaidi ikitoka humo ina wekundu wa zambarau. Iweke kwenye maji ya bomba, subiri dakika chache, inageuka bluu mbele ya macho yako. Eosini, rangi ya waridi tunayoiongezea, nayo ni ya viwanda vya nguo. Wissowzky aliziunganisha mbili hizo mwaka 1876.

Kwetu Afrika Mashariki, nguvu ya rangi hizi ilionekana hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kufuatilia watoto waliovimba mataya, na mwaka 1958 akachapisha habari zao. Kinyama cha uvimbe huo kikitazamwa chini ya hadubini, seli za bluu zimesongamana, na katikati yake seli kubwa zilizopauka zimetawanyika. Wanapatholojia huiita picha hiyo anga la nyota.

Vinyama vingine vilisafirishwa kwa ndege hadi London kwa mtafiti Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta kirusi ndani ya uvimbe huo. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester. Sampuli ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kwa seli zilizokuwa zikielea, hai kabisa. Kama ingetiwa fomalini, zingekuwa zimekufa. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona kwa hadubini ya elektroni ndani ya seli zilizokuzwa kutokana na uvimbe huo.

Majina ya madaktari hao yamo vitabuni. Waliosimama kwenye mikrotomu ya Mulago, waliogandisha nta na kutia rangi, sijawahi kuyaona majina yao katika kitabu chochote nilichosomea. Ningependa sana vyuo vyetu vya maabara viwatafute, wangali wapo wa kuwakumbuka.