Ukingo wa Meza ya Jikoni

Ukanda mwembamba wa mbao, plastiki au Formica, ubandikwao pembezoni mwa meza ya jikoni iliyovikwa Formica (bamba jembamba na gumu la plastiki), kwa ajili ya kuipamba na, lililo muhimu zaidi, kuyazuia maji, kwani ubao ulio chini ya Formica, uliotengenezwa kwa unga wa mbao, ukishayanywa huvimba wala haurudi katika hali yake ya asili. Formica ilibuniwa Marekani na Herbert Faber na Daniel O'Conor, waliounda kampuni yao mwaka 1913, wakiikusudia kwanza kwa vifaa vya umeme.

Katika Shinyanga, Kahama na Geita, miji iliyonawiri kwa madini, ukingo mzuri kupita wote, kwa rai yetu, ni wa mninga, mti wa miombo wenye rangi ya hudhurungi, usiopinda kwa urahisi. Ukanda ukiwa wa Formica, hutangulia kubandikwa kabla ya uso wa juu, ili uso huo ulifunike ungio. Gundi ya mpira hupakwa pande zote mbili, wa ukanda na wa ubao, ikaachwa hata ikiguswa kwa kidole isinate, ndipo ukanda ushindiliwe; na hapo yapasa hadhari kubwa, maana pande hizo zikishakutana hazisogezeki tena. Joto la kiangazi cha Shinyanga huikausha gundi upesi mno, hivyo ni heri kufanya kazi kivulini, asubuhi. Ziada huondolewa kwa tupa isukumwayo kuelekea kwenye ubao, kwani ikivutwa kinyume huimegua Formica. Mbao mbichi zisitumike asilani.