Daftari na Kaburi: Kuitafuta Asili ya Mskoti Aliyepita Ugogo

Kizota ya Dodoma imo katika Ugogo, nchi iliyopitwa na misafara ya karne ya 19. Mashariki yake ni Mpwapwa, ambako Alexander Mackay, fundi na mmisionari Mskoti, aliifikisha mwaka 1877 barabara aliyoikata toka Saadani.

Mackay alizaliwa Rhynie, Aberdeenshire, mwaka 1849. Kwa kuwa madaftari ya hesabu ya watu ya Uskoti yamehifadhi majina tangu 1841, mtoto kama huyo hutafutwa katika hesabu ya 1851, nyumbani kwa babaye. Daftari laonyesha mwanzo wa safari. Mwisho wake huulizwa kaburini. Lakini kaburi nalo huhama. Mackay alifariki Usambiro, kusini ya Ziwa Viktoria, mwaka 1890; mwaka 1927 mifupa yake ikapelekwa Namirembe, Uganda. Atakayelitegemea kaburi la Namirembe peke yake atadhani ndiko alikofia.

Wapagazi wengi waliokufa njiani hawana daftari wala jiwe. Hesabu za Tanganyika za 1948 na 1957 zilitangaza jumla ya watu, si majina yao. Ushahidi wao ni nasaba zisimuliwazo kwa mdomo. Nazo zisipoandikwa huzikwa pamoja na wazee.