Kilwa Mbili na Mchezo wa Kompyuta

Likizo iliyopita nilikaa wiki mbili Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru. Lengo langu lilikuwa kukusanya msamiati wa uvuvi. Ng'ambo ya ziwa hilo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika soko la Kashikishi Kibemba na Kiswahili cha Kongo hukutana kila siku juu ya beseni la samaki. Msamiati niliupata. Lakini makala haya yanahusu jambo jingine nililokutana nalo sebuleni kwa mwenyeji wangu, ambalo naamini linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Kijana wa nyumba ile, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akicheza mchezo wa kompyuta uitwao Age of Empires II. Kwa wasioufahamu, mchezo huu ulitolewa mwaka 1999 na kampuni ya Marekani, na unahusu vita na utawala wa Zama za Kati. Wachezaji hawasubiriani zamu kama katika bao au drafti. Wote hutenda kwa wakati mmoja. Unaanza na wanakijiji wachache. Unawatuma kutafuta chakula, kuni, mawe na dhahabu. Ukikusanya vya kutosha unapanda kutoka Zama za Giza hadi Zama za Ukabaila, kisha Zama za Ngome, na mwisho Zama za Dola. Kwa kawaida ushindi ni kuufuta kabisa upande wa pili.

Toleo la kwanza lilikuwa na mataifa 13 ya kuchagua, na hakuna hata moja la kusini mwa Sahara. Mwaka 2015 ikaja nyongeza ya falme za Afrika yenye Waberiberi, Wahabeshi, Wamali, na Wareno pia. Waswahili hawamo. Badala yake imo safu ya vita vya Francisco de Almeida, ambamo mchezaji humfuata nahodha huyo kutoka Ureno hadi Bahari ya Hindi. Kijana wetu alikuwa amefika hapo. Nilimweleza kwamba Almeida huyo ndiye aliyeishambulia Kilwa. Akasimamisha mchezo, akaniuliza: "Kilwa gani, Mwalimu? Hii yetu ya ziwani?"

Swali lilikuwa la haki kabisa. Katika Ziwa Mweru kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, upande wa Zambia, na ufukoni mwa Kongo kuna mji wa jina hilohilo. Watu wa Nchelenge huenda Kilwa kwa mashua. Nikamjibu kwamba Kilwa ya Almeida iko mbali, katika pwani ya Tanzania. Kufanana kwa majina peke yake si ushahidi wa uhusiano. Hata hivyo, historia za sehemu hizi mbili zina mgeni mmoja, naye ni Mreno. Tuzitazame kwa zamu.

Kilwa ya pwani ilitajirika kwa kusimamia biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala. Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331 akausifu mji wake. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, kuahidi kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwezi Julai 1505 Almeida alifika na kundi la merikebu, akauteka mji, askari wake wakaupora. Ibrahim alikimbia. Wareno wakamsimika mtawala waliyemtaka wao na kujenga ngome. Mwezi uliofuata waliichoma Mombasa. Kwa kanuni za mchezo, hapa hadithi imekwisha: mji umetwaliwa, mshindi anahesabu alama zake. Katika historia yenyewe, ngome ile ya Kilwa iliachwa mwaka 1512. Wareno waliuteka mji, lakini biashara iliyoulisha haikuwafuata kama walivyotarajia.

Sasa twende ziwani. Kusini mwa Nchelenge, katika bonde la mto Luapula, ndiko ulikostawi ufalme wa Mwata Kazembe. Wafalme wake, Waluunda waliotoka magharibi katika karne ya 18, walikaa katikati ya njia za pembe za ndovu, shaba na chumvi. Wareno walitamani kupita kwao ili kuunganisha Msumbiji na Angola. Mwaka 1798 gavana Francisco de Lacerda alisafiri kutoka Tete hadi karibu na mji mkuu wa Kazembe, akafariki huko. Wenzake waliomba njia ya kuendelea magharibi, wakanyimwa. Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara waliotumwa kutoka Angola, walifika mwaka 1806 na kuzuiliwa miaka minne kabla ya kuruhusiwa kwenda Tete. Msafara wa Monteiro na Gamitto wa 1831 nao ulirudi ulikotoka.

Tulinganishe. Taifa lililoiteka Kilwa kwa mizinga lilikaa kwa Kazembe kama mgeni anayesubiri ruhusa. Kazembe hakuwa na ukuta wa mawe wala mzinga wa kumzidi Mreno. Alikuwa na njia, chakula, watu, na uwezo wa kusema "subiri". Hakuna kitufe cha jambo hilo katika mchezo.

Kiswahili kilifika Mweru kwa njia hizohizo za misafara. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwezi Novemba 1867 alimkuta Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara wa pwani aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Mwaka huohuo Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, na vita hivyo alivisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika tawasifu yake. Tusijidanganye: lugha yetu haikufika huko na mikono mitupu. Ilikuja na nguo na shanga, na ilikuja pia na bunduki na minyororo. Katika mchezo, mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50, hana jina, hakimbii, wala hakuna anayemlilia akifa. Katika karne ya 19, ziwani na pwani, kulikuwa na watu waliowahesabu wenzao vivyo hivyo. Kijana anayecheza anastahili kuambiwa hilo.

Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuchoma mji wa Kazembe, na mfalme akavuka Luapula. Kwa mara nyingine, mchezo ungetangaza mwisho. Lakini Kazembe alirudi, na hadi leo kila mwaka, mwishoni mwa Julai, sherehe ya Mutomboko hufanyika Mwansabombwe, safari fupi tu kutoka Nchelenge.

Je, tuwakataze vijana mchezo huu? Sioni hivyo. Kijana yule alijua majina ya silaha za Zama za Kati kuliko mimi, na swali lake juu ya Kilwa halikutoka katika kitabu cha shule. Tatizo ni kiti alichopewa. Katika safu ile ya vita njia ya kuifikia pwani yetu ni kukaa katika merikebu ya Almeida. Hawezi kukaa barazani pa Ibrahim, aone matanga yakikaribia na aamue la kufanya.

Mchezo huu una chombo cha kutengenezea ramani na matukio mapya, kilichokuwamo tangu 1999. Napendekeza wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu wakitumie katika kazi ya tafsiri na ubunifu. Wachague tukio moja: Kilwa ya 1505 au mji wa Kazembe wa 1798. Waandike maelezo na mazungumzo yote kwa Kiswahili. Watalazimika kwanza kusoma historia, kisha kuamua maneno: amiri au mfalme, boma au ngome, kodi au ada, mtumwa au mwanakijiji. Kila uamuzi wa namna hiyo ni hukumu juu ya historia, na mwanafunzi atatakiwa kuitetea mbele ya wenzake.

Nilipoondoka Nchelenge kijana aliniuliza kama inawezekana kucheza upande wa Kilwa. Nilimwambia bado. Naomba mwakani nisimpe jibu hilohilo.