Jino moja kwenye difu

Mwaka 1969, kama ungekuwa Marekani unaagiza Chevrolet Camaro Z/28, ungekutana na uamuzi mmoja: ubaki na difu yake ya kawaida ya 3.73, au uchukue ya 4.10?

Namba hizo ni hesabu ya meno tu. Gia kubwa ya difu ilikuwa na meno 41, na gia ndogo inayoizungusha meno 11 au 10. Gawanya, utaona. Yaani tofauti ni jino moja! Lakini jino hilo liliongeza nguvu ya kuzungusha tairi kwa asilimia 10, katika kila gia.

Z/28 iliihitaji kwa sababu injini yake ilibanwa na kanuni ya mbio za Trans-Am: isizidi lita 5. Nguvu yake ilikaa juu, karibu na mizunguko 5,800 kwa dakika. Difu ya 4.10 iliifikisha huko mapema.

Sasa toka nayo safari. Ukiwa gia ya nne, kilomita 100 kwa saa, tairi linalokwenda mita 2 kila mzunguko, 3.73 inataka mizunguko kama 3,100 kwa dakika, 4.10 inataka 3,400. Kwa saa nne, injini imezunguka zaidi ya mara 70,000 za ziada. Kelele na mafuta ni juu yako.

Mafuta yalipoadimika kuanzia Oktoba 1973, viwanda vya Marekani vikazidi kuegemea namba ndogo. Kwa hiyo ukiambiwa difu fulani ni kali, uliza kwanza: kali wapi?