Mkono Juu ya Sauti

Leo tutazungumza juu ya historia ya kurekodi, yaani kuikamata sauti ya mtu na kuiweka ili isikike tena. Hatutaisoma historia yote. Tutafuata jambo moja tu: mkono wa fundi ulikuwa wapi, nao ulifanya kazi gani? Kisha nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe hapa Ufipa.

Tuanze Unguja. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, nchini India, ili nyimbo zao zitiwe katika sahani za santuri. Siku hizo sauti ilichorwa kwa sindano juu ya nta. Mwimbaji akikohoa, kikohozi nacho kilichorwa, na hapakuwa na namna ya kukifuta. Ililetwa nta nyingine, wimbo ukaanza upya. Fundi aliweza kuongeza au kupunguza nguvu ya sauti wakati watu wakiimba. Wakinyamaza, mkono wake hauna kazi tena.

Baadaye ukaja utepe. Wajerumani waliuonyesha mtambo wa utepe mjini Berlin mwaka 1935, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukaenea duniani. Kwetu, stesheni ya Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ninyi wenye umri mnaikumbuka vizuri. Kwa miaka mingi bendi zetu nyingi zilirekodi nyimbo zao huko, wapigaji wakipiga pamoja mbele ya vipaza sauti vichache.

Sasa mtazameni fundi. Amekaa mbele ya meza yenye vishikio vingi. Kila kishikio huteleza juu na chini katika mfereji wake, na kila kimoja ni cha kipaza sauti kimoja. Tarumbeta likizidi, hukishusha cha tarumbeta. Mwimbaji akififia, hukipandisha cha mwimbaji. Vidole vyake kumi vinafanya kazi pamoja. Shikeni neno hili, maana tutalihitaji mbele: sauti yenyewe ilipita ndani ya meza ile, kama maji yanavyopita katika bomba, na kile kishikio kilikuwa koki yake.

Katika miaka ya 1990 mambo yakageuka. Mafundi wa Dar es Salaam, kama Master J na P-Funk Majani, wakajulikana nchini kwa muziki wa vijana, nayo kompyuta ikazidi kuingia katika kazi ya kurekodi. Ndani ya kompyuta mna programu ya kurekodia. Programu hiyo huiweka kila sauti katika mstari wake: ngoma mstari wa kwanza, gitaa wa pili, mwimbaji wa tatu. Ukikosea mstari mmoja, unaurudia huo tu. Siti angefurahi!

Lakini mkono wa fundi ulipata hasara. Vishikio vikawa picha tu katika kioo cha kompyuta, na fundi akavishika kwa kipanya, kimoja baada ya kingine. Mwanafunzi mmoja wa darasa letu la jioni aliuliza, “Mwalimu, ni kama kula ugali kwa kidole kimoja?” Nilimjibu kwamba ndivyo hasa.

Kwa hiyo watu wakatengeneza ubao wa vishikio, wa kuwekwa mezani karibu na kompyuta. Kwa kawaida una vishikio vinane, na pembeni kimoja cha sauti zote pamoja. Kwa macho unafanana na meza ya zamani, lakini si ndugu yake. Ndani ya ubao huu haipiti sauti hata kidogo. Zinapita namba. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme wa Marekani na Japani walikubaliana juu ya lugha moja ya mashine, wakaiita MIDI. Katika lugha hiyo amri nyingi hutolewa kwa namba kuanzia 0 hadi 127. Ukisukuma kishikio, ubao unaiambia kompyuta, “Mstari wa tatu, panda hadi hapa.” Kompyuta ndiyo inayoipandisha sauti.

Hapa Ufipa tunao mfano wetu. Wazee wetu waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, na magofu ya matanuri hayo mnayaona mpaka leo. Ilungu lilivuta upepo lenyewe. Lakini baada yake chuma kilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo palihitajiwa mivukuto. Mtu wa mivukuto hagusi chuma. Anatuma upepo, na moto ndio unaofanya kazi. Ubao wetu ni mivukuto.

Je, mivukuto isipofika kwenye tanuri? Mtu atavukuta mpaka jasho limtoke, na chuma kitabaki vile vile. Ndiyo maana kuunganisha ubao na programu ni kazi ya kufanywa kwa makini. Kwanza uunganishe kwa waya wa USB, uuwashe, na uchague hali yake, yaani lugha itakayotumika. Inayotumika sana huitwa Mackie Control. Kisha fungua programu, nenda penye mipangilio, na uitajie aina ile ile. Halafu chagua njia mbili: ya kuingia na ya kutoka. Wengi huchagua moja wakaisahau ya pili. Njia ya kuingia huleta amri za mkono wako ndani ya kompyuta. Njia ya kutoka hurudisha jibu: taa huwaka, na kama vishikio vina mota, utaviona vikitembea vyenyewe kwenda mahali pake. Mara ya kwanza kuviona nilirudi nyuma hatua moja, nasema kweli.

Kuna jambo jingine. Vishikio ni vinane, na mistari yaweza kuwa ishirini. Upo ufunguo wa kuhamisha, ili kishikio cha kwanza kiwe cha mstari wa tisa. Tazama kioo kabla ya kusukuma.

Sasa kosa langu. Nilikwenda kijiji kimoja, mwendo mfupi kutoka Sumbawanga, kumrekodi mzee aliyesimuliwa na babu yake habari za ilungu. Nilikuwa na kompyuta, kipaza sauti na ubao mpya. Upepo wa uwanda wetu mnaujua, kwa hiyo tuliingia ndani tukafunga mlango. Nilibonyeza kitufe chekundu cha ubao. Kikawaka. Mzee akasema kwa Kifipa karibu nusu saa, kisha akaimba wimbo wa watu wa mivukuto, akipiga magoti yake kwa viganja.

Nilipotaka kumsikilizisha, kompyuta haikuwa na kitu. Ubao ulikuwa katika hali nyingine, ambayo kitufe hujiwashia taa chenyewe. Njia ya kuingia sikuichagua. Kompyuta haikupata amri yoyote, na mimi niliitazama ile taa nisiitazame saa ya programu, ambayo ilisimama kwenye sifuri muda wote.

Nilirudi baada ya majuma mawili. Mzee alikuwa ameugua kifua, lakini alikubali. Safari hii nilitazama saa ikitembea. Alisimulia ilungu, udongo wake, kuni zake na miiko yake, kwa dakika kumi na moja. Nilimwomba wimbo. Alitikisa kichwa.

“Mjukuu wangu,” alisema, “ule nilikwisha kukupa.”