Chambo cha mbuta ni kazi ya mvuvi, si ya tajiri

Chambo bandia kinachoburutwa nyuma ya mashua kumtafuta mbuta mkubwa, samaki ambaye Watanzania humwita sangara, kimezoeleka kuhesabiwa kitu cha watalii wanaokwenda Mfangano, Turkana au chini ya maporomoko ya Murchison. Historia yake haisemi hivyo. Kilicho maarufu kuliko vyote kilitoka kwa Lauri Rapala wa Finland, mtu aliyeishi kwa kuvua na kuuza samaki katika ziwa Päijänne. Alichokiona ni kwamba samaki mla wenzake akiingia kwenye kundi la vidagaa humwacha mzima, humrukia yule aliyejeruhiwa anayekwenda akipepesuka. Mwaka 1936 akachonga kizibo kwa kisu cha mshona viatu, akakivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, akayeyusha negativu za picha na kukipaka. Umaarufu ulichelewa hadi 1962, jarida la Life la Marekani lilipokiandika katika toleo lililokuwa na Marilyn Monroe kwenye jalada. Mwanzoni, basi, hii ilikuwa zana ya kutafutia riziki.

Huku pwani, Mtangawanda, ambako mashua za Lamu hufunga gati baada ya kupita mlango wa bahari wa Mkanda, fikra hiyo ya kumwigiza samaki anayepepesuka si ngeni. Anayerambaza nguru au kolekole kwa ndoana iliyofungwa manyoya au kitambaa cheupe anajua kwamba sura ya chambo si hoja, hoja ni mwendo wake. Atakayesema bahari si ziwa ana haki, lakini kwa nusu tu. Samaki wa jamii ya mbuta mwenyewe, yule wa Asia na Australia, huishi maji ya chumvi na maji baridi pia, na pote huhisi mtikisiko wa windo lake kwa mstari wa fahamu ulio ubavuni.

Pingamizi zito zaidi ni la wavuvi wa ziwa Victoria. Mbuta alipandikizwa humo miaka ya 1950, na tangu alipojaa ziwa miaka ya 1980 wanamvua kwa nyavu na kaputi, yaani kamba ndefu yenye ndoana nyingi. Chambo bandia hakijalisha mji. Ni kweli, na sidai kingeweza kuulisha. Ila nchi tatu za ziwa hilo zilikubaliana avuliwe mbuta wa sentimita 50 hadi 85, ili mchanga akue na mzazi abaki, na wavu ukishanasa haumrudishi samaki hai. Mshipi wenye chambo huleta samaki mmoja mmoja. Akitolewa kwenye miamba ya maji mafupi anaweza kuachiliwa akaenda zake. Akivutwa kutoka kilindini, kibofu chake cha hewa hufura, na huyo hata akirudishwa ni nadra kupona.