Az-Zahrawi na Kisu cha Rovu

Husikika mara kwa mara katika mihadhara yetu kwamba Abul-Qasim az-Zahrawi wa Andalus alikuwa wa kwanza kutoa rovu, yaani tezi ya shingo iliyovimba, na kwamba alifanya hivyo mwaka 952. Maneno haya yanapendeza masikioni, lakini tarehe inayakataa. Az-Zahrawi alizaliwa karibu na Qurtuba kiasi cha mwaka 936, basi wakati huo alikuwa kijana wa miaka 16! Tusimpambe mwanachuoni kwa asichokihitaji.

Alichokiandika kipo. Kitabu chake At-Tasrif kina makala 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo ameeleza kuwa rovu huwapata zaidi wanawake. Liko la kuzaliwa nalo, ambalo haliguswi, na liko linalozuka baadaye. Hili la pili ni namna mbili: moja mfano wa uvimbe wa mafuta, na jingine mfano wa mshipa wa damu uliotutumka, ambalo kulipasua ni hatari. Akaonya kisu kisitumike ila kwa lililo dogo. Mwanzoni mwa makala hiyohiyo anasimulia kuwa alimuona tabibu mjinga akipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa, na mwanamke yule akatokwa na damu mpaka akafa mbele yake.

Mwanafunzi wa fiqhi atakumbuka hapa hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana. Mafakihi wakajenga juu yake: tabibu stadi aliyepewa idhini, na asiyevuka mpaka, hadhamini. Jahili hulipa.

Lakini ustadi nao una mitihani yake. Mjini Bern, Uswisi, ambako rovu lilikuwa limeenea, Theodor Kocher alishika uongozi wa upasuaji mwaka 1872. Vifo vilivyowatisha madaktari vilipungua mikononi mwake, mwishowe vikawa chini ya mmoja katika 100. Hata hivyo aliwaita tena wagonjwa wake wa zamani, na mwaka 1883 akatangaza aliyoyaona: wengi waliotolewa tezi nzima walikuwa wamevimba mwili na kuwa wazito wa akili, na watoto wamedumaa. Akaacha kuitoa yote kwa rovu la kawaida. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1909.

Kisha mwaka 1922 Uswisi ikaanza kutia madini joto katika chumvi. Rovu kubwa likaadimika, na katika nchi zilizofuata njia hiyo, wengi wanaofika leo kwa daktari wa upasuaji wana kivimbe kidogo kinachoshukiwa kuwa saratani, kilichokwisha kuchunguzwa kwa sindano nyembamba kabla ya kisu kuguswa.